Mkono wa Nani?

Kila asubuhi naweka kikombe changu cha chai juu ya kikeka ambacho sikustahili kupewa. Ni kidogo, kama sentimita 15 kwa 25: kikombe kinakaa upande mmoja, upande wa pili unabaki wa mandazi. Juu yake kuna chapati tatu za kitambaa cha kahawia, na kando yazo jogoo wa kitenge chekundu, anayeonekana kujua kwamba Krismasi haitamwacha salama. Kona moja imepinda. Mshono wa ukingoni umeruka mahali pawili. Aliyenishonea alitumia jioni zake nne. Mimi nilimpa kitu nilichomlipa mtu anishonee, nikamwambia nimekishona mwenyewe.

Tuko watu tisa hapa Nairobi, kila mmoja ana kazi yake nyingine, na kushona ni raha yetu ya wikendi. Mwisho wa mwaka tunabadilishana vikeka vya Krismasi. Kazi yenyewe iko hivi: unaunganisha vipande vya vitambaa mpaka vitoe picha, unalaza pamba nyembamba chini yake, unaweka kitambaa cha mgongo, halafu unapiga mishono kupitia tabaka zote tatu ili zishikane. Mwisho unazungusha utepe ukingoni. Kona za utepe ndizo hutoa watu machozi. Novemba tunapiga kura, tunapangwa wawili wawili, na sharti ni moja tu: ushone mwenyewe.

Mwaka jana nilichelewa. Kazini tulikuwa tunafunga mahesabu, nyumbani nafika nikiwa hoi. Siku mbili kabla ya kukutana, nilikuwa na pembetatu za kijani ndani ya bahasha, basi. Nikazipeleka mjini kwa fundi anayenipunguzia suruali, yule wa chini ya ngazi. Desemba fundi hana nafasi: kuna nguo za Krismasi, na sare za shule za Januari zinamngoja. Lakini alizitazama akasema, "Madam, hii ni kitu ya saa moja." Aliitisha mia tano, nikabishana mpaka akakubali mia nne. Mti wa Krismasi ukatoka umenyooka, kona zote nne safi.

Siku ya kukutana, kila mtu alikishika, akakigeuza, akatafuta kosa, akakosa. "Wee, umeiva!" Nikasema asante. Sikuongeza neno.

Nimejitetea sana tangu siku hiyo. Kwanza, si ni kikeka tu? Mwenzangu alipata kizuri kuliko ambacho ningeshona mimi. Kama tunapima kwa faida, yeye ndiye aliyenufaika. Pili, fundi alipata mia nne ambazo hangezipata kama ningefuata sharti. Tatu, na hii ndiyo hoja niliyoipenda zaidi: sharti linataka kazi ya mkono, na fundi naye ana mikono. Kwani ni mashine iliyojishona?

Hoja ya kwanza inaanguka ukipiga hesabu. Watu tisa... hapana, tulikuwa wanane siku hiyo, mmoja alikuwa safarini. Wanane wanaingia na vikeka vinane, wanatoka na vikeka vinane. Hakuna aliyehitaji kikeka. Kila mmoja wetu anaweza kujishonea, na hata sahani kuukuu inaweza kukaa chini ya kikombe. Kama ni biashara, ni biashara ya sufuri. Kwa hivyo kinachobadilishwa pale lazima kiwe kitu kingine. Mimi naona ni muda, na zaidi ya muda, kule kumfikiria mtu fulani ukishona. Zile chapati hazikutoka hewani. Miezi kadhaa kabla, nililalamika mbele ya mwenzangu kwamba kila Krismasi ni mimi ninayepikia ukoo mzima chapati. Yeye alikumbuka. Ule mti wangu, hata kama ungepelekwa kwa mtu mwingine yeyote, ungefaa vilevile. Nilitoa jioni zake nne mfukoni mwake bila kuweka hata moja yangu.

Marcel Mauss, msomi wa Ufaransa, aliandika insha mashuhuri kuhusu zawadi iliyotoka mwaka 1925. Alitazama jamii nyingi akaona zawadi huja na wajibu wa aina tatu: kutoa, kupokea na kurudisha. Akitumia maelezo ya Wamaori wa New Zealand, alizungumzia hau, yaani roho ya kitu kilichotolewa, ambayo haikubali kukatika kutoka kule kilikotoka. Si lazima uamini mambo ya roho ili uone anachosema. Kikeka cha jogoo nikikitazama, namwona mwenzangu akikunja uso juu ya ile kona. Na yeye akitazama ule mti, anamwona nani? Ananiona mimi, mahali ambapo sikuwa.

Hapo ndipo hoja ya tatu ikanigeukia. Ndiyo, fundi ana mikono. Lakini mbona sikuitaja? Sisi wapenda kushona tunasifu kazi ya mkono kama ibada, halafu Jumatatu tunabishana na mtu anayeifanya kutwa nzima ili atupunguzie shilingi mia. Mkono wangu ukishona kwa raha ni kitu cha thamani; mkono wake ukishona kwa kodi ya nyumba ni bei ya kujadiliwa. Ningeweza kusema nimemlipa, tumemalizana. Kweli, nililipia kazi. Sikulipia sifa. Lile "umeiva" lilikuwa lake, nami nikalipokea kama mtu anayepokea barua ya jirani na kuifungua.

Kwa hivyo niliwadhulumu watu wawili kwa kikeka kimoja, na yule niliyedhani nimemsaidia ni mmoja wao.

Februari nilishona kingine. Kilinichukua jioni tano, na utepe niliufumua mara tatu. Mwenzangu anapenda kusafiri usiku, kwa hivyo niliweka basi la kwenda ocha, limejaa mizigo juu ya paa. Gurudumu moja ni kubwa kuliko lingine. Nikampelekea kwake, nikamweleza yote tukiwa mlangoni, kabla hajanikaribisha.

Alicheka kwanza. Halafu akanyamaza, na hicho kimya sikukipenda. Akaingia ndani, akarudi na ule mti, akaulaza kando ya basi langu, akavitazama vyote viwili.

"Hiki sitakurudishia," akasema, kidole kikiwa juu ya mti. "Ni kazi safi. Huyo fundi anaitwa nani?"

Miaka mitatu amenishonea nguo. Nikafungua mdomo kumjibu, nikagundua sijui.