Simu Isiyopitisha Ujumbe wa Mwenzake

Ndugu zangu katika imani, nawausia na kuiusia nafsi yangu kumcha Allah. Leo nitazungumzia simu, ila za mifukoni tafadhali zibaki zimezimwa.

Ipo mitandao isiyotegemea mnara. Waokoaji wakiingia palipobomolewa na tetemeko, vifaa vyao hupokezana ujumbe kimoja hadi kingine mpaka umfikie mwenyewe, kama vibarua wanavyopokezana makarai ya zege. Kazi hiyo hula betri. Ndipo hutokea kifaa kinachotuma ujumbe wake mchana kutwa, lakini kikipewa wa jirani huutupa kimyakimya. Tabia hii tunaijua: Sura ya Al-Maun imemkemea anayesali huku akimnyima mwenziwe kitu kidogo cha matumizi. Wafasiri wametaja chungu, shoka na ndoo.

Mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walipendekeza mlinzi. Kifaa kikishampa jirani ujumbe, hutega sikio kusikia kama ameupeleka mbele. Asiyepeleka, njia humkwepa. Ujumbe ukafika kwa wingi zaidi, lakini hebu tazameni: mvivu kapumzishwa! Ujumbe wake bado unabebwa, na mzigo wake wamebebeshwa wema. Si ndivyo tufanyavyo hapa msikitini? Fulani hapokei simu kukiwa na maziko, basi tunamruka na kumpigia yuleyule aliyechimba kaburi juzi.

Wataalamu wa Lausanne, Uswisi, wakaja na hesabu ndani ya kifaa: ukipitisha ujumbe wa mwenzako unaongezewa, ukituma wako unakatwa, ikiisha hutumi. Ni haki, lakini kifaa kilichoko pembezoni hakipitiwi na ujumbe wa mtu, kitachuma wapi? Tuna ndimi nyepesi juu ya mzee wa kule mwisho wa kijiji asiyeonekana kwenye michango. Huenda hakukataa, ila hajafuatwa.

Katika mifumo mingine vifaa hupeana habari za sifa za majirani, na uzushi ukipenya, asiye na kosa hutengwa. Al-Hujurat, aya ya 6, imetuamuru kuhakikisha habari kwanza.

Basi anayepanga zamu za maziko, wiki hii aanze na majina tuliyozoea kuyaruka. Asipopokea mtu simu, aendewe nyumbani, aulizwe hali yake kabla ya kuulizwa jembe.