Mlinzi Aliyeosha Vidonda

Somo: Matendo ya Mitume 16:23–34



Tukisoma habari za Paulo na Sila gerezani Filipi, twakumbuka nyimbo za usiku wa manane, na tetemeko la nchi, na milango iliyofunguka. Lakini Luka ameandika na jambo jingine, nasi twalipita upesi: yule mlinzi, alipokwisha kulisikia Neno, aliwatwaa wafungwa wake usiku ule ule akaviosha vidonda vyao, ndipo yeye mwenyewe akabatizwa. Maji ya vidonda yalitangulia maji ya ubatizo.

Mtafakarini mtu huyu. Hakuwa mganga. Jioni alikuwa amewafunga katika mkatale, na vidonda vilikuwa vibichi, wala hakuviangalia, maana agizo lake lilikuwa kuwalinda tu. Usiku alifahamu ya kuwa mtu aliyefungiwa hawezi kujitafutia maji wala dawa. Yule mwenye ufunguo ndiye mkono wake na mguu wake.

Nasi watu wa Karagwe na Kyerwa tunao jirani zetu waliofungiwa. Wako Kitengule, wako Kayanga, wako katika vyumba vya mahabusu vya vituo vya polisi. Wengi wa mahabusu hawajahukumiwa bado. Penye askari wachache shida ni hii: mgonjwa akizidiwa usiku, sharti asindikizwe hospitali, na wakienda wa kumsindikiza, ni nani atakayewalinda waliosalia? Basi huambiwa angoje asubuhi. Na ugonjwa haungoji.

Tena yako magonjwa yanayodanganya macho. Mtu aliyezoea kunywa rubisi na gongo kila siku, akikamatwa pombe hukoma ghafula. Siku ya pili au ya tatu hutetemeka, hutoka jasho, huona visivyokuwapo. Wenzake husema ana pepo, au anajifanya. Kumbe ni ugonjwa, nao waweza kumwua. Mwenye kifafa akinyang'anywa vidonge vyake, kifafa humrudia kwa nguvu. Na yule aliyeletwa amelewa, akilala fofofo asiamke, huenda kichwa chake kimepigwa. Kuyapambanua haya si kazi ya askari, ni kazi ya tabibu. Kazi ya askari ni kuuliza siku ya kwanza, "Watumia dawa gani? Wakohoa? Umeumia?", na kumwita tabibu bila kukawia.

Mtu asiseme, "Hayo ni ya wafungwa, hayatuhusu." Mwaka 1750 homa ya gerezani ilitoka pamoja na washitakiwa ikaingia katika baraza la hukumu la Old Bailey, mjini London, ikawaua mahakimu na meya wa mji. Baadaye John Howard, mtu wa dini, alizunguka magerezani, akashuhudia mbele ya Bunge. Na mwaka 1774 ikatungwa sheria kwamba kuta zipakwe chokaa, hewa ipite, wagonjwa watengwe, na tabibu awekwe. Leo kifua kikuu chafuata njia ile ile: hukaa penye msongamano na hewa nzito, kisha hutoka na mfungwa aliyeachiliwa hata nyumbani kwake. Dawa yake ya kawaida humezwa miezi sita. Akitoka mwezi wa pili bila barua ya kwenda zahanati, aiache dawa, huenda ugonjwa ukarudi mkali kuliko kwanza.

Tena si suala la huruma tu. Umoja wa Mataifa, katika kanuni zilizoitwa kwa jina la Nelson Mandela mwaka 2015, umekiri ya kuwa kumtibu mfungwa ni wajibu wa serikali, na ya kuwa yampasa kupata matibabu sawa na watu walio nje. Hakimu amemhukumu kifungo, hakumhukumu kikohozi.

Basi yatupasa nini? Tusiende gerezani kugawa vidonge. Hiyo si huruma, ni hatari. Wazee wa kanisa na wamwendee mkuu wa gereza kwa heshima, wamwulize lililopungua: sabuni, ndoo, blanketi, au muuguzi wa kufika siku maalumu. Walio wauguzi katika hospitali yetu ya Nyakahanga na zahanati zetu, na wajitoe kwa ruhusa ya wakubwa. Ndugu za mfungwa na wapeleke upesi kadi yake ya matibabu. Na mwinjilisti akipata habari ya mtu aliyeachiliwa, amtembelee juma lile lile, amwulize habari za dawa kabla ya kumwuliza habari za kosa.

Wala tusiwasahau askari katika maombi yetu. Wako wachache, wamechoka, nao huvuta hewa ile ile. Mlinzi wa Filipi alikuwa askari kama wao, na Mungu aliitumia mikono yake.

Bwana wetu amesema katika Mathayo 25 ya kuwa yeye mwenyewe ndiye mgonjwa, na yeye mwenyewe ndiye mfungwa. Katika chumba kidogo cha mahabusu hao wawili ni mtu mmoja. Atupe macho ya kumwona. Amin.