Mzee Aliyekataa Kuharakishwa

Mkufunzi wa farasi wa mbio Charlie Whittingham alishinda Kentucky Derby kwa mara ya kwanza mwaka 1986, akiwa na miaka 73. Farasi wake aliitwa Ferdinand, na aliyempanda, Bill Shoemaker, alikuwa na miaka 54. Mbio zile ni za farasi wa miaka mitatu tu: umri ukipita, nafasi hairudi.

Si kwamba hakuwa na farasi. Huko California alikuwa miongoni mwa wakufunzi wakubwa wa Marekani, na Ack Ack wake alitangazwa Farasi wa Mwaka 1971 akiwa na miaka mitano. Lakini baada ya 1960 hakupeleka farasi hata mmoja kwenye Derby hadi Ferdinand. Alishasema hatarudi mpaka awe na anayeweza kushinda kweli. Farasi wa Derby huanza kuandaliwa akiwa na miaka miwili, na wa umri huo hana mifupa iliyokomaa. Ukimkamua mapema, unaweza kumvunja. Kulijua hilo ni rahisi. Kazi ni kumwambia mwenye farasi, tena tajiri anayekulipa na anayeweza kuhamishia farasi wake kwingine kesho, kwamba mwaka huu hapana. Hapo ndipo ninapomheshimu Whittingham, kuliko kwenye makombe.

Mwaka 1989 alishinda tena, sasa kwa Sunday Silence, farasi wa rangi inayokaribia nyeusi mwenye miguu ya nyuma iliyopinda, ambaye wanunuzi walimkataa mnadani. Mzee mwenyewe alinunua sehemu ya umiliki wa farasi huyo.

Subira ya mkufunzi, hata hivyo, huishia mlangoni mwa zizi lake. Farasi hao wawili waliuzwa Japani kuwa madume ya mbegu. Sunday Silence aliongoza orodha ya madume huko miaka 13 mfululizo. Ferdinand, Farasi wa Mwaka 1987, hakupata wateja wa kutosha, na mwaka 2003 ikaripotiwa kwamba aliishia machinjioni mwaka uliotangulia. Whittingham alishafariki mwaka 1999. Miaka yote ile ya kulinda mifupa, na hakuna aliyekuwa na wajibu wa kuulinda uzee.

Habari hiyo iliwachoma Wamarekani wengi. Wenye farasi wa New York wakaanzisha mchango wa hiari kwa jina la Ferdinand, wa kutunza farasi waliostaafu. Ni jambo jema, ila neno hiari linanikera. Aliyetuingizia fedha hapaswi kusubiri huruma yetu. Mchango huo ungekatwa kwenye zawadi kabla mwenye farasi hajaigusa.