Maoni Yakifikishwa Mahakamani

Mnamo Juni na Julai 1798, Rais John Adams wa Marekani alitia saini sheria nne zilizokuja kuitwa kwa pamoja Sheria za Wageni na Uchochezi. Nchi ilikuwa changa, na manowari zake zilikuwa karibu kupambana na za Ufaransa bila vita kutangazwa. Chama cha Adams, Wafederalisti, kilihofia kwamba wahamiaji, hasa Wafaransa na Waairishi, wangeingiza fikra za mapinduzi ya Paris. Hofu ilikuwa ya kweli, lakini ilikuwa na faida pia: wahamiaji wengi walipopata uraia waliwapigia kura wapinzani, Warepublikani wa Thomas Jefferson.

Sheria tatu ziliwahusu wageni. Moja ilipandisha muda wa kungojea uraia kutoka miaka 5 hadi 14. Nyingine ilimruhusu rais kumfukuza bila kesi mgeni yeyote aliyemwona hatari, ingawa haikutumika rasmi hata mara moja. Ya tatu, inayohusu raia wa taifa lililo vitani na Marekani, ingali inatumika.

Swali zito lilizuka kwenye sheria ya nne. Aliyechapisha maneno ya uongo na ya nia mbaya dhidi ya serikali, Kongresi au rais aliweza kutozwa faini hadi dola 2,000 na kufungwa hadi miaka 2. Makamu wa rais hakukingwa, na makamu huyo alikuwa Jefferson. Sheria yenyewe ingekoma Machi 3, 1801, siku ya mwisho ya muhula wa Adams. Hata asiyejua siasa huona ilikatwa kwa kipimo cha nani.

Hata hivyo watetezi wake walikuwa na hoja. Katika mapokeo ya Uingereza, uhuru wa kuchapisha ulimaanisha tu kutoomba kibali kabla ya kuchapisha. Baada ya hapo mwandishi alijibu mashtaka, na kuthibitisha kwamba alisema kweli hakukumwokoa. Sheria ya Marekani ilimruhusu mshtakiwa athibitishe ukweli wake, na ikaliachia baraza la wazee wa mahakama uamuzi. Nani basi angedai haki ya kusema uongo?

Jibu lilitoka kizimbani. Matthew Lyon, mbunge wa Vermont aliyezaliwa Ireland, alishtakiwa kwa kuandika kwamba Adams alikuwa na kiu ya fahari za kipuuzi. Kiu ya fahari inathibitishwa kwa shahidi gani? Kwa simulizi yake mwenyewe, Lyon alimwuliza jaji kama amewahi kula mezani kwa rais na kuziona fahari hizo. Jaji akajibu kwamba alichoona huko ni maisha ya kawaida tu. Lyon alifungwa miezi 4 na kutozwa dola 1,000, na wapiga kura wakamchagua tena akiwa gerezani. Huko Newark, mlevi aitwaye Luther Baldwin alitozwa faini kwa mzaha kuhusu mzinga wa saluti na makalio ya rais. Ukweli wa mzaha nao ungepimwaje?

James Madison, Mrepublikani mwenzake Jefferson, alilichambua jambo hili katika ripoti yake ya 1800 kwa bunge la Virginia. Lawama za kisiasa, alieleza, huchanganya habari na maoni, na maoni hayana ushahidi wa mahakamani. Zaidi ya hayo, Marekani mwenye enzi ni wananchi. Wakikatazwa kumsema vibaya aliye madarakani, naye anagombea tena, uchaguzi umekwisha kuegemea upande wake.

Hoja hiyo ilikuwa pana kuliko wenyewe walioitumia. Jefferson alishinda uchaguzi na kuwasamehe waliohukumiwa, lakini Warepublikani wengi walipinga tu kwamba mamlaka hayo yawe ya serikali kuu, majimbo waliyaachia. Ndiyo maana New York, ikiwa mikononi mwao, ilimshtaki mhariri Harry Croswell kwa kumkashifu Jefferson, na mwaka 1804 wakili aliyesimama kutetea haki yake ya kuthibitisha ukweli alikuwa Alexander Hamilton, Mfederalisti.

Mwaka 1840 Kongresi iliwarudishia warithi wa Lyon faini yake. Sheria ya uchochezi haikufika Mahakama ya Juu ilipokuwa hai. Mwaka 1964, katika kesi ya gazeti la New York Times, mahakama hiyo ilisema kwamba historia ilikuwa imekwisha kuihukumu.