Nyota Milioni 10 na Jina Moja



Mwezi Mei, mawingu ya Bukoba yakikubali (na mara nyingi hayakubali), toka nje saa mbili usiku uangalie kusini. Utauona Msalaba wa Kusini na nyota mbili kali zinazoufuata. Pandisha macho juu ya hizo mbili, kama ngumi moja na nusu. Kuna kidoa cheupe kilichofifia. Ni Omega Centauri.

Wazee wa kale waliiandika kuwa nyota moja. Mwaka 1677 Edmond Halley akaona haifanani na nyota. Leo tunajua ni fungu la nyota lenye umbo la tufe: nyota kama milioni 10 zinazoshikiliwa pamoja na mvutano wao wenyewe, umbali wa miaka-nuru kama 17,000.

Sasa, moja ikizimika humo, kuna kilichopotea? Wapo wenzetu wanaosema ukubwa wa anga unaonyesha mtu si kitu. Siwabezi, hoja ina uzito. Ila inachukulia kimyakimya kwamba vitu vikiwa vingi, thamani inashuka. Hiyo ni hesabu ya soko. Ndizi zikijaa Muleba, bei inaanguka, sawa. Nani kasema mtu ni mkungu wa ndizi?

Hata wanasayansi hawakuridhika na jumla. Mwaka 2024 walitoa orodha ya mwendo wa nyota milioni 1.4 za fungu hilo, moja moja, kutoka picha zaidi ya 500 za darubini ya Hubble. Saba tu, zilizokuwa zinakimbia kupita kiasi, ndizo zilizowapa dalili ya shimo jeusi katikati. Saba kati ya milioni!

Sisi wa Kagera tunaijua hesabu hii kwa uchungu. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza. Abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha ya majina, ndiyo maana idadi ya waliokufa inabishaniwa mpaka leo. Pale Igoma wapo waliozikwa bila kutambuliwa. Majina walikuwa nayo. Orodha yetu ndiyo iliyopungua, na Mungu hakuitegemea.

Kwa hiyo Mei hii, ukiwaombea marehemu wale, mtaje hata mmoja kwa jina lake. Kama hulijui, kamuulize bibi.