Samaki Mkunje, Lakini kwa Chungu cha Nani?

Nikiri mapema: kwa miaka kadhaa nimekuwa kocha na meneja wa timu ya mpira wa kikapu ambayo haipo. Ipo ndani ya BuzzerBeater, mchezo wa intaneti ambao hukimbii wala hurushi mpira. Kazi yako ni kupanga tu. Unasajili, unauza, unaamua nani aanze, halafu unasubiri kompyuta ikuletee matokeo. Mke wangu anauita kazi ya pili isiyo na mshahara, na sina cha kumjibu.

Kinachoninyima usingizi ni mazoezi. Kila wiki unachagua stadi moja tu ya kufundisha: wiki hii pasi, wiki ijayo ulinzi, nyingine kutupia kutoka mbali. Atakayefaidika kikamilifu ni yule aliyecheza nafasi uliyoichagua kwa dakika 48 ndani ya wiki hiyo. Sasa piga hesabu. Mechi moja ni dakika 48 na wiki ina mechi tatu. Ukichagua nafasi moja, una dakika 144, yaani vijana watatu. Akiingia wa nne, kuna mtu anapunjwa. Ndo maana unawazungusha, mechi hii huyu, mechi ile yule.

Na kuna gharama. Ukitaka senta wako mrefu ajue pasi, inabidi umchezeshe pointi gadi, nafasi asiyoiweza. Anapoteza mipira, mnafungwa, na wachezaji wazoefu wako benchi wanatazama. Je, ni haki timu nzima ifungwe leo ili mtu mmoja ajue kesho?

Utaniambia hao ni tarakimu, hawana mama wala njaa. Kweli kabisa. Lakini mimi nina zamu nyingine ninazopanga.

Mwaka jana nilipewa kuwasimamia vijana wanne wa fildi kwenye chumba cha habari. Mmoja alikuja akiwa tayari anajua kuandika. Unadhani nilifanyaje? Kila habari nzito nilimpa yeye. Alikuwa ananirahisishia kazi, anawahi muda, hanipi shida ya kuhariri. Wawili waliambulia mabaki. Wa nne, binti mkimya, alikuwa anakaa na hedifoni kutwa nzima, anaandika kutoka kwenye sauti mahojiano waliyofanya wenzake. Wiki ya saba akanifuata mezani, bila hasira yoyote: "Kaka, mimi nitajifunza lini?"

Nikamwambia asubiri, zamu yake inakuja. Fildi yenyewe ilikuwa ya wiki nane.

Usiku ule nikafungua mchezo wangu. Nikakaa karibu saa nzima nikiwagawia vijana watatu wasiokuwepo dakika zao, moja moja, asipunjike mtu. Nilipofunga kompyuta ndipo nikaona aibu. Uangalifu ule ninao. Sikuwa nimeupeleka kwa mtu mwenye jina.

Ingekuwa rahisi kumalizia hapa: tuwe kama mchezo, tuzungushe nafasi, haki itendeke. Lakini mchezo nao una uongo wake. Kule namfundisha kijana wa miaka 18 kwa sababu anashika haraka kuliko wa miaka 27. Akiiva, nampeleka sokoni, nanunua mwingine mbichi. Dakika 48 nilizompa hazikuwa zake hata siku moja. Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1785 kuhusu misingi ya maadili, alisisitiza kwamba utu wa mtu usifanywe chombo tu cha malengo ya mwingine. Sisi tuna methali ya samaki mkunje angali mbichi, na tunaitumia kama hekima ya malezi. Lakini anayeitamka siku zote ni mkunjaji. Samaki anakunjwa ili aenee chunguni.

Namkumbuka Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar es Salaam, aliyechaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies mwaka 2009, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Mwaka uliofuata timu ikampeleka kwa muda Dakota Wizards, kwenye ligi ya maendeleo. Nilikuwa chuo wakati huo, na vijiweni tulicheka, eti kashushwa. Hatukujiuliza mtu mrefu namna ile angejifunza wapi kama dakika hazipo. Wala hatukujiuliza yeye mwenyewe anataka nini. Tulitaka awe fahari yetu, haraka.

Basi nimefika wapi? Nadhani kuzungusha nafasi ni nusu tu ya haki. Nusu ya pili ina maswali mawili. La kwanza: nani analipa gharama ya makosa ya mwanagenzi? Ikiwa ni wenzake, au ni yeye kwa kudhalilishwa, hapo hakuna fadhila. Anayepanga ndiye alipe. La pili: akishajua, akaondoka kwenda kwa mwingine, utafurahi? Ukinung'unika, ulikuwa unawekeza tu, ukaita kulea.

Kundi jipya la fildi limekuja. Zamu zimebandikwa ukutani, kila mtu anaona jina lake na tarehe. Habari ya kwanza ya mmoja wao ilikuja vibaya, takwimu zimepishana, chanzo hakijulikani. Tulikaa nayo hadi saa nne usiku, na asubuhi nikasemwa mimi kwenye kikao kwa kuchelewesha ukurasa. Nilinyamaza. Ile ndiyo bei, na safari hii imelipwa na anayestahili kulipa.

Yule binti alimaliza wiki ya nane bila jina lake kuchapishwa hata mara moja. Hilo hakuna zamu itakayolirekebisha.