Cheti cha Kuazima Hakipandishi Daraja

Tarehe 28 Aprili 2017, katika Chuo Kikuu cha Dodoma, Rais John Magufuli alikabidhiwa na Waziri Angellah Kairuki taarifa ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma. Watumishi 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi. Vyeti vingine 1,538 vilikuwa vikitumiwa na zaidi ya mtu mmoja. Amri ikatoka papo hapo: mishahara yao isitishwe, na atakayeng'ang'ania kazini kupita Mei 15 afikishwe mahakamani, ambako kughushi kunaweza kumpeleka mtu jela miaka 7.

Nalirudia jambo hili kwa ajili yetu tunaoishi na watumishi hawa. Huku kwetu Michenga, kama ilivyo Ifakara na bonde zima la Kilombero, mtumishi wa umma ni muuguzi aliyekuzalisha au mwalimu wa mwanao. Muuguzi akiondoka kwenye zahanati ya kijiji yenye wahudumu wawili, anayebaki anabeba zamu za watu wawili, na mgonjwa anasubiri.

Dalili zilikuwepo mapema. Waraka wa mwaka 2004 ulishaweka wazi kwamba kuanzia Mei 20 ya mwaka huo, anayeingia kwenye utumishi wa umma awe na elimu ya kidato cha nne. Mwaka 2016 uhakiki ukaanza, vyeti vikalinganishwa na kumbukumbu za Baraza la Mitihani. Bado wapo waliojipa moyo kwamba yatapita kama mengine yalivyopita.

Dalili kubwa zaidi, lakini, huwa kwa mwenyewe aliyeghushi au kuazima cheti. Afisa Utumishi akitaka cheti halisi, analetewa kivuli. Akisisitiza, siku ya pili kuna msiba, ya tatu kuna homa. Tangazo la nafasi za masomo likibandikwa ubaoni, wenzake wanakimbilia kujaza fomu, yeye analipita kama halimhusu, kwa sababu chuo nacho kitataka kuona cheti. Wenzake wakipanda daraja, hadai la kwake. Watu humwita mpole asiye na makuu, kumbe ana hofu. Mtu wa namna hiyo ana ajira, lakini ngazi ya kupandia ameivunja mwenyewe, na usingizi wake ni wa mang'amung'amu.

Mimi na wewe tusijione tumesalimika. Shida ya ajira ikibana, ndugu akasema "chukua cheti changu, nani atajua?", wengi wetu tungesitasita kabla ya kukataa.

Tazama sasa mwisho wa waliosema kweli. Katika zoezi lile waliondolewa pia watumishi wa darasa la saba. Mwaka 2018 Serikali iliagiza walioajiriwa kabla ya Mei 20, 2004 warudishwe kazini, isipokuwa waliokuwa wamedanganya kwa kuweka cheti cha kughushi kwenye faili. Elimu ilikuwa ileile ya darasa la saba. Uongo ndio uliowatenganisha. Waliofukuzwa kwa vyeti vya kughushi walisubiri hadi mwaka 2022, Rais Samia Suluhu Hassan aliporidhia warejeshewe michango waliyokatwa kwenye mishahara yao. Ile ya mwajiri hawakupewa, wala pensheni.

Ndugu mtumishi, njia halali ni ndefu lakini ipo. Aliyeishia darasa la saba anaweza kufanya mtihani wa maarifa, yaani QT, kisha akafanya wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Chuo Kikuu Huria kinamfuata mtu akiwa kazini. Na Ifakara yenyewe ni mji wa kufundisha watu wa afya tangu mwaka 1961. Wapo walioingia na cheti cha chini wakapanda hatua kwa hatua.

Nanyi wakuu wa idara, mpango wa mafunzo usibaki kabatini. Mwiteni anayekwepa masomo mwaka baada ya mwaka, mmuulize kwa upole kinachomzuia. Ukweli ukisemwa mapema, mtu anaweza kusaidiwa. Ukisubiri mhakiki aje, hakuna tena wa kumsaidia.